Kumwajiri aliyetoka gerezani: hesabu za kodi kwa mwajiri mdogo wa Dodoma

Fundi mmoja wa mageti na madirisha pale Kizota alinijia ofisini na simu mkononi. Mpwa wake alikuwa amemtumia kipande cha video: ukimwajiri mtu aliyetoka jela, serikali inakupunguzia kodi mpaka dola 2,400. Akaniuliza, “Mhasibu, hii fomu yake tunaichukua TRA mjini au mpaka twende Mtumba?”

Nikamwambia akae kwanza, ninywe chai na yeye anywe. Fomu hiyo ipo kweli, ila si ya kwetu. Lakini kijana aliyetaka kumwajiri alikuwa wa kweli, na swali la kodi lilikuwa la kweli pia. Tulichokifanya wiki zilizofuata ndicho ninachokiandika hapa, kwa mwenye karakana, shamba, mgahawa au kampuni ndogo ya ujenzi Dodoma, Singida na maeneo ya jirani, anayefikiria kumpa kazi mtu aliyerudi uraiani.

Hizo dola 2,400 ni za nani

Ni za Marekani. Wana unafuu wa kodi ulioanzishwa mwaka 1996, unaofahamika kwa kifupi kama WOTC. Mwajiri anayemchukua mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa, ndani ya mwaka mmoja tangu ahukumiwe au aachiwe, anapunguziwa kodi kwa asilimia 40 ya dola 6,000 za kwanza za mshahara, na hapo ndipo 2,400 inapotoka. Mfanyakazi lazima afikishe saa 400 kazini. Akifanya kati ya 120 na 399, asilimia inashuka hadi 25. Fomu yake, namba 8850, inapelekwa ndani ya siku 28 tangu aanze kazi, na aliyechelewa amekosa. Sheria ile huwa na tarehe ya mwisho na Bunge lao huiongeza mara kwa mara. Mara ya mwisho ninayoijua muda uliwekwa hadi Desemba 31, 2025; kwa walioajiriwa baada ya hapo inategemea kama Bunge lao limeuongeza tena.

Italia wana sheria ya mwaka 2000 inayompa mwajiri unafuu wa hadi euro 520 kwa mwezi kwa kila mfungwa anayemwajiri, na unafuu unaendelea kwa muda baada ya mtu kuachiwa. Wenzetu hao waliamua kulipia.

Tanzania hatuna. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332, haina kifungu kinachompa mwajiri punguzo kwa sababu tu aliyeajiriwa alikuwa mfungwa. Tozo ya maendeleo ya ujuzi, yaani SDL, nayo haina. Akija mtu na fomu ya “msamaha wa kodi kwa wanaoajiri wafungwa” na kukuomba laki mbili za kuifuatilia, mwonyeshe mlango.

Kilichopo ni mistari ndani ya sheria za kawaida. Ukiijua inakupunguzia gharama. Usipoijua unaikanyaga bila habari. Kabla ya hesabu lakini, kuna mambo mawili ya kuweka sawa.

Jua anatoka wapi hasa

“Ametoka jela” ni maneno yanayobeba watu wa aina nyingi, na kwa mwajiri hawafanani hata kidogo.

Yupo aliyekuwa mahabusu tu. Alikaa ndani akisubiri kesi, kesi ikafutwa au akaachiwa huru. Huyo hakutiwa hatiani na mtu yeyote. Ukimwandika kwenye faili “mfungwa wa zamani” umemzulia. Nimekutana na waajiri wengi wasioijua tofauti hii, na wengine ni wasomi wazuri tu.

Yupo aliyemaliza kifungo. Huyu hadaiwi kitu.

Yupo aliyetoka kwa msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 45 ya Katiba, mara nyingi Aprili 26 au Desemba 9. Wenyeji wa Dodoma wanaikumbuka Desemba 9, 2017: sherehe za Uhuru zilifanyika hapa mjini, na msamaha uliotangazwa siku ile uliwagusa wafungwa 8,157, ambao 1,828 kati yao walitakiwa kutoka siku hiyohiyo na waliobaki wakapunguziwa muda. Ndiyo maana swali la kuuliza si “ulisamehewa?” bali “uliachiwa tarehe ngapi, na karatasi yako iko wapi?”

Yupo aliye kwenye parole, kwa Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994. Huyu bado anatumikia, ila yuko nje kwa masharti. Lazima aripoti. Ukimpangia zamu siku anayotakiwa kuripoti, au ukimpeleka eneo la ujenzi Manyoni mwezi mzima bila afisa wake kujua, unaweza kumrudisha ndani bila kukusudia. Mwombe akuonyeshe masharti, na yaheshimu kwenye ratiba.

Mwisho yupo anayetumikia huduma kwa jamii, tunayoiita kifungo cha nje, kwa sheria ya mwaka 2002. Kazi ya adhabu ile ni ya umma: kufyeka, kusafisha, kujenga kwenye taasisi za serikali. Haiwezi kuwa nguvu kazi ya bure ya karakana yako. Unaweza kumwajiri kwa saa zake nyingine, ila zungumza kwanza na afisa wa Idara ya Huduma za Uangalizi, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Nami nakushauri uongee nao hata kama mtu wako amemaliza kila kitu, maana wanaijua njia ya kutokea gerezani mpaka kazini kuliko wewe na mimi.

Karatasi: hapa ndipo siku zinapopotea

Kijana wa fundi wetu alikuwa amekaa miaka minne gereza la Isanga. Alipokuja kwa mahojiano fundi hakumuuliza kosa. Alimuuliza, “Ndani ulikuwa unafanya nini?” Akasema karakana, alikuwa anachomelea vitanda. Fundi akamkabidhi kibanio, akamtupia vipande viwili vya bomba mraba. Kijana akavaa miwani, akaunga, akagonga magamba kwa nyundo, akapuliza vumbi. Mshono ulikuwa umelala sawasawa kama ukili wa mkeka. Fundi akaniangalia, akasema tu, “Mwandikishe.”

Kumwandikisha kulichukua siku kumi na tisa.

Kitambulisho cha NIDA kilipotea alipokamatwa. Namba hakuikumbuka. Laini ya simu ilishafungwa, kwa hiyo hana M-Pesa. Hana namba ya NIDA mkononi, kwa hiyo hawezi kusajili laini. Hana laini, kwa hiyo benki wanamwangalia tu. Ukimwajiri mtu aliye kwenye mduara huu bila kumsaidia kuukata, utaishia kumlipa mkononi kama kibarua, na malipo ya mkononi yasiyo na alama ni gharama usiyoweza kuitetea mbele ya TRA. Nimeweka karatasi kabla ya kodi kwa sababu hiyo.

Utaratibu uliotusaidia ulikuwa hivi. Tulianzia serikali ya mtaa anapoishi, kupata barua ya utambulisho yenye picha. Mwenyekiti wa mtaa alisita kidogo. Fundi akaenda naye mwenyewe, akasema “huyu yuko kwangu,” na barua ikatoka. Usimwache mtu wako aende peke yake pale. Kisha taarifa ya upotevu polisi, kisha ofisi ya NIDA ya wilaya na karatasi ya kuachiwa pamoja na barua. Namba ikapatikana kabla ya kadi yenyewe, na namba ndiyo inayotosha kuendelea: laini, akaunti, TIN (namba ya mlipakodi). TIN hailipiwi, anayekudai hela ya TIN anakudai ya mfukoni mwake.

NSSF usikimbilie kumfungulia uanachama mpya. Muulize kama aliwahi kuajiriwa. Kijana wetu alikuwa amefanya kazi kiwandani miezi saba kabla ya kesi, na namba yake ilikuwepo. Michango ya zamani na mipya ikakaa mahali pamoja. Angepewa namba ya pili, siku ya kudai mafao angehangaika.

Kila nakala iweke kwenye faili: barua ya mtaa, namba ya NIDA, TIN, namba ya NSSF, mkataba. Karatasi ya kuachiwa ina sheria zake, nitaifikia.

Sasa hesabu zenyewe

Tuseme mshahara ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Kwanza hakikisha haupungui kima cha chini cha sekta yako kwenye amri ya mishahara inayotumika, maana kima hakimwangalii mtu alikotoka. Kumpa aliyetoka gerezani nusu ya wenzake kwa hoja ya “namsaidia” ni kuvunja sheria, na ni tabia mbaya vilevile.

Nimechagua 300,000 kwa makusudi. Mfanyakazi anachangia NSSF asilimia 10, yaani 30,000, na mchango huo unatolewa kabla ya kukokotoa PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara. Kinachobaki ni 270,000, na 270,000 ndiyo mstari ambao chini yake hakuna PAYE. Kwa hiyo anapeleka nyumbani 270,000 kamili. Ukimpa 350,000, mchango wake ni 35,000, kinachotozwa kodi ni 315,000, na asilimia 8 ya ile 45,000 iliyozidi ni shilingi 3,600. Ndogo, lakini ni ritani, yaani taarifa ya kodi ya TRA, inayotakiwa kuwa sahihi.

Upande wa mwajiri, juu ya ile 300,000:

NSSF asilimia 10: shilingi 30,000
WCF asilimia 0.5: shilingi 1,500
Jumla anakugharimu: shilingi 331,500

WCF ni mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Sekta binafsi ilikuwa ikilipa asilimia 1 hadi mwaka 2021, ikashuka hadi 0.6, kisha 0.5 mwaka 2022. Kwa karakana yenye mashine za kukatia chuma, hiyo 1,500 ni pesa ndogo kuliko zote utakazolipa mwezi ule.

Swali linalofuata ni kama gharama hii inakupunguzia kodi, na jibu linategemea unalipaje kodi.

Kama ni kampuni, unalipa asilimia 30 ya faida. Mshahara na michango ni gharama halali ya kupata mapato, kwa hiyo kila mwezi 331,500 inapunguza faida yako, na kodi inapungua kwa 99,450. Gharama halisi mfukoni ni 232,050. Huo ndio “unafuu” wako, na unaupata kwa mfanyakazi yeyote. Kama mwaka huo kampuni imepata hasara, hakuna cha kupunguza sasa. Hasara inabebwa kwenda mbele.

Kama ni mtu binafsi unayelipa kodi ya makadirio, mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka, hali ni nyingine kabisa. Wewe unatozwa kwenye mauzo. Uajiri mmoja, uajiri watano, usiajiri mtu, kodi ni ileile. Wengi hili hawalijui. Wanajipa moyo kwamba mshahara “utakatwa kwenye kodi,” na haukatwi popote.

Hapo una njia ya kuchagua: kuachana na makadirio na kutengeneza hesabu, utozwe kwenye faida. Kwa biashara yenye faida nyembamba na wafanyakazi wengi, mara nyingi inalipa. Chukua mwenye mauzo ya milioni 60 ambaye, baada ya mishahara, vyuma, umeme na pango, anabaki na milioni 8. Kwa viwango vya mtu binafsi, milioni 3.24 za kwanza hazitozwi. Tatu zinazofuata ni asilimia 8, yaani 240,000. Na 1,760,000 iliyobaki ni asilimia 20, yaani 352,000. Jumla 592,000 kwa mwaka mzima. Weka namba hiyo kando ya makadirio yako ya mwaka jana, uamue. Usisahau gharama ya kumlipa anayekuandalia hesabu. Najua ninavutia upande wangu, lakini itie kwenye hesabu.

Na hesabu zinataka ushahidi. Vifaa, sare, ada ya mafunzo: risiti ya mashine ya EFD. Mishahara: orodha ya malipo yenye majina, namba za NIDA na TIN, saini, na uthibitisho wa benki au simu. Kitabu cha kaunta chenye “Juma 10,000, Juma 10,000” hakitakufikisha mbali.

Mtu wa kumi

Hapa natua kidogo, maana hili ndilo linalouma zaidi kwenye biashara ndogo.

SDL inamgusa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Mwenye tisa halipi hata senti. Mwenye kumi analipa, na halipi kwa ajili ya yule wa kumi peke yake. Analipa kwenye mishahara ya wote. Kiwango kilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 Julai 2023. Viwango hivi huguswa na Sheria ya Fedha, kwa hiyo kila Julai 1 hakiki kabla ya kuandaa ritani.

Ukiwa na watu kumi wa 300,000, mishahara ni milioni 3, SDL ni 105,000 kwa mwezi, 1,260,000 kwa mwaka. Maana yake mtu wa tisa anakugharimu 331,500 na wa kumi, kwa mshahara uleule, anakugharimu 436,500. Kama ni kampuni, SDL nayo ni gharama inayopunguza faida, kwa hiyo baada ya kodi inakuwa 305,550 badala ya 232,050. Bado ni tofauti ya zaidi ya elfu sabini kila mwezi kwa kuvuka mstari mmoja.

Fundi wangu alikuwa na wanane. Kijana wa Isanga akawa wa tisa. Hakukuwa na tatizo. Lakini kama wewe una tisa tayari, usimwite mtu wa kumi kwa kazi ya wiki sita. Au mchukue pale ambapo kazi iliyo mbele yako inatosha kubeba SDL mwaka mzima, na ikiwezekana chukua wa kumi na wa kumi na moja pamoja, kwa sababu maumivu makubwa ni ya kuvuka. Baada ya hapo kila mmoja anaongeza 10,500 tu.

Kuna wanaovunja biashara vipande viwili kwa majina ya ndugu ili kila kimoja kibaki na watu saba. Karakana moja, mashine zilezile, meneja mmoja, TIN mbili. Mkaguzi akisimama mlangoni dakika tano ameshaelewa. Wala usidhani kibarua hahesabiwi kwa sababu hana mkataba.

Mwenye shamba ana nafasi nzuri zaidi. Sheria ya SDL inawaacha nje wafanyakazi wa shamba wanaoshughulika moja kwa moja na kilimo chenyewe. Wasimamizi na wa kusindika mazao hawamo kwenye msamaha huo. Kwa mkulima wa zabibu Hombolo au Mpunguzi ina maana wapogoaji na wavunaji wake kumi na tano hawamwingizi kwenye SDL, lakini wanaokamua mchuzi wa zabibu kwenye kiwanda chake kidogo wanahesabiwa. Watenganishe kwenye orodha ya malipo tangu mwanzo. Wengi waliokaa magerezani wamelima huko, tena kwa nidhamu ya saa, kwa hiyo shamba ni mahali ambapo ujuzi na kodi vinakutana vizuri.

Tarehe usizikose: PAYE na SDL ni tarehe 7 ya mwezi unaofuata. NSSF unao mwezi mzima baada ya mwezi wa mshahara. Faini ya kuchelewa inakula unafuu wote niliokupigia hesabu hapo juu.

Chakula, nauli na mkopo wa mwanzo

Mtu anatoka ndani hana godoro. Wiki za kwanza atahitaji nauli na chakula kabla ya mshahara wa kwanza, na waajiri wengi wema hutoa pesa taslimu wakiiita posho. Kikodi, posho ya pesa ni sehemu ya mapato yake ya ajira. Ukimwongezea 60,000 ya chakula juu ya 300,000, umemvusha kwenye PAYE na umeongeza msingi wa SDL kama unailipa.

Chakula kinachopikwa hapo kazini na kuliwa na wote bila ubaguzi hakitozwi kwa mfanyakazi. Kwa hiyo mama ntilie akipika wali maharage kwa karakana nzima, na wewe ukamlipa kwa kumbukumbu nzuri, umemlisha mtu wako bila kumwongezea kodi.

Ukimkopesha pesa ya pango, andikeni karatasi: kiasi, makato ya kila mwezi, saini yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu kumkata mtu mshahara kwa deni bila ridhaa yake ya maandishi. Na makato yawe madogo. Niliwahi kumwona mwajiri akimkata mfanyakazi mkopo wote wa laki mbili kwa miezi miwili. Mwezi wa pili mfanyakazi hakuonekana tena, na sikumshangaa.

Mkataba na cheti

Andika mkataba kwa Kiswahili, usainiwe siku ya kwanza: kazi, mahali, mshahara, saa (45 kwa wiki ndiyo kikomo cha kawaida), likizo ya siku 28. Weka kipindi cha majaribio cha miezi mitatu hadi sita, sawa na unachowapa wengine. Mfanyakazi asiyefikisha miezi sita kwa mwajiri hawezi kudai kuachishwa isivyo haki kwa sheria hiyo, kwa hiyo una muda wa kutosha kumpima. Lakini usiutumie muda huo kama leseni; wapo wanaofukuza kila mwezi wa tano na kuanza na mwingine, na habari hizo husambaa Chang'ombe na Nkuhungu haraka kuliko tangazo la redio.

Ujuzi wa gerezani mara nyingi hauna cheti. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: mtu anapimwa kwa vitendo, anapewa cheti. Ulizia chuo cha VETA cha Dodoma ni lini wanapokea wa fani yako. Ukimlipia, ada ni gharama ya biashara, tunza risiti. Fundi alilalamika kidogo, “Akipata cheti atanikimbia.” Nikamwambia asipokipata atabaki kwa sababu hana pa kwenda, na mtu wa namna hiyo huwa anachomelea hivyohivyo.

Siri yake, na bima yako

Kumbukumbu ya kosa la mtu ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ukitaka kuihifadhi, pata ridhaa yake kwa maandishi, iweke bahasha yake peke yake, na asiyehusika asiione. Kumtambulisha mbele ya wenzake kwa “huyu katoka Isanga, muwe waangalifu” ni njia ya haraka ya kuharibu kila kitu. Wenzake wanahitaji kujua jina lake na mashine atakayoshika. Mzee mmoja wa Kigogo pale karakana alimsalimia “Mbukwa,” kijana akaitikia, na utambulisho ukaishia hapo.

Kama kazi inagusa fedha au stoo, Wamarekani wana dhamana ya bure ya miezi sita ya kwanza kwa ajili hiyo, ya dola 5,000, tangu mwaka 1966. Sisi tuna bima ya uaminifu wa wafanyakazi, ya kumfidia mwajiri akiibiwa na mfanyakazi wake, inayouzwa na kampuni za bima. Soma fomu vizuri: wakiuliza historia ya mfanyakazi, jibu ukweli, tena kwa ridhaa yake, kwa sababu ukificha watakataa kukulipa siku ya madai. Ada ya bima nayo ni gharama ya biashara.

Ukitaka unafuu wenyewe uwepo

Sisi wa Dodoma tuna bahati ya jirani. Wizara ya Fedha iko hapa, Bunge liko hapa, bajeti inasomwa Juni hapa, na Kamati ya Bajeti hupokea maoni ya wadau juu ya Muswada wa Sheria ya Fedha kabla haujapitishwa. Mapema zaidi Wizara hukusanya mapendekezo ya maboresho ya kodi, na TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima, huyapeleka kwa niaba ya wanachama wake.

Usiombe kitu cha Marekani. Omba kitu kidogo kinachoingia kwenye sheria iliyopo. Mimi ningeandika hivi: mfanyakazi aliyeachiwa gerezani asihesabiwe kwenye watu kumi wa SDL kwa miezi 24 ya kwanza, wala mshahara wake usiingie kwenye msingi wa tozo, mradi amekaa kazini miezi sita. Uthibitisho ni karatasi ya Magereza. Kwa mwajiri ambaye tayari analipa SDL, serikali inapoteza 10,500 kwa mwezi kwa mtu mmoja wa laki tatu. Mwajiri mdogo mwenye tisa anaokolewa 105,000 na anapata ujasiri wa kumchukua wa kumi. Ukurasa mmoja unatosha, na hesabu yako mwenyewe iwe juu kabisa.

Nilimsomea fundi rasimu hiyo. Akaikubali, kisha akauliza kama mkewe anayepika chai pale karakana naye anahesabika kwenye wale kumi.

“Unamlipa?”

“Nampa kidogo kila Jumamosi.”

“Basi anahesabika.”

Akatazama nje kule karakana, akaanza kuhesabu kwa vidole.